Kioo cha Gari Ugenini: Kutoka Ibra hadi Wadi Kabir

Ukitoka Maskati kwenda Ibra, mji ulioko Sharqiya umbali wa kama kilomita 150, barabara inaiacha bahari nyuma na kuingia kwenye milima ya Hajar. Kwenye njia hiyo milima haina msitu. Ni mawe matupu, meusi na ya kahawia, na wanajiolojia wa dunia nzima hufunga safari kuja kuyatazama, kwa sababu zamani yalikuwa sakafu ya bahari. Ni mwamba uliozaliwa chini ya maji miaka milioni 95 hivi iliyopita, ukasukumwa na nguvu za ardhi hadi ukapanda juu ya nchi kavu. Ni mgumu mno, na ugumu huo ndio unaoupa thamani: hupasuliwa, ukasagwa, ukapakiwa kwenye malori kwenda kujenga barabara na bandari, na mwingine huuzwa nje ya nchi. Kutwa malori hayo hupanda na kushuka bonde la Wadi al Aqq. Mengine turubai limekazwa barabara, mengine limelegea.

Kokoto moja ya mwamba huo ndiyo iliyokipiga kioo cha mbele cha gari langu. Lori lilikuwa mbele, nami nakwenda mwendo wa barabara kuu, ambao kwa sheria ya Omani kikomo chake ni kilomita 120 kwa saa. Kwa mwendo huo hata punje ya kokoto hugonga kwa kishindo. Iliacha alama pana kiasi cha sarafu, chini upande wa abiria, na nyufa fupi zimetawanyika kuizunguka. Lori likaenda zake. Dereva wake hakuwa na namna ya kujua kwamba jiwe limeruka, nami sikuwa na namna ya kumdai.

Nilikuwa nakwenda kuwajulia hali watu ninaowahesabu kuwa jamaa zangu ingawa hatuna damu moja. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na kazi ndiyo iliyonileta Maskati. Wao ni Waomani waliozaliwa Unguja. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia nyingi za Kiarabu ziliondoka visiwani, lakini Omani ya Sultan Said bin Taimur haikuwa rahisi kuingia. Mlango ulifunguka mwaka 1970, Sultan Qaboos alipotwaa madaraka na kuwaita Waomani waliokuwa nje warudi kuijenga nchi. Waliotoka Afrika Mashariki walikuja na elimu ya shule na Kiingereza, wakaajiriwa wizarani, jeshini na kwenye kampuni za mafuta. Ibra na vijiji vya jirani kama Mudhairib vilikuwa na uhusiano na pwani yetu tangu kale, na nyumba kubwa za udongo zinazobomoka polepole katika mitaa ya zamani zilijengwa kwa mali iliyotokana na biashara ya Afrika Mashariki, ikiwemo ile ya karafuu na pembe za ndovu.

Mzee wa nyumba hiyo namwita Ami, kama wanavyomwita vijana wote wa ukoo. Aliondoka Unguja akiwa kijana, na kazi yake Omani ilikuwa kwenye gereji ya kampuni ya mafuta, huko jangwani. Gari kwake ni elimu. Nilipomaliza "shikamoo" naye akaitikia "marahaba, mwanangu", hakunikaribisha ndani kwanza. Aliliendea gari, akapitisha ukucha juu ya ile alama, akauliza kama kiyoyozi kilikuwa kimewashwa njia nzima.

Kilikuwa kimewashwa, maana ulikuwa mwezi wa Julai na joto la nje lilikuwa limepita nyuzi 45. Ami akanieleza jinsi ufa unavyokua. Kioo kikipata joto kinatanuka, kikipoa kinanywea. Mchana wa Sharqiya upande wa nje unaungua na jua, upande wa ndani unapigwa na hewa baridi, na kioo kizima huwa kinavutana chenyewe kwa chenyewe. Kisipokuwa na jeraha kinastahimili. Kikiwa na jeraha, mvutano wote hukimbilia pale penye udhaifu. Ndiyo maana alama ndogo inapaswa kuzibwa mapema: fundi huingiza utomvu maalumu ndani ya jeraha, akaukausha kwa taa, na kioo kikaendelea kutumika miaka. Hiyo ndiyo njia rahisi kuliko zote, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ina masharti: alama iwe ndogo, isiwe mbele ya macho ya dereva, na ufa uwe haujafika ukingoni.

Tuliliweka gari kivulini, Ami akabandika tepu juu ya jeraha kuzuia vumbi, tukaingia kula. Tulipotoka baada ya sala ya alasiri ufa ulikuwa umeshakwenda, umepinda kuelekea juu, na ncha yake imegusa ukingo. Ami akasema habari ya kuziba imekwisha na kinachotakiwa sasa ni kioo kipya. Akanikataza pia kusafiri usiku. Sharqiya ina ngamia wanaozurura, na ngamia ana miguu mirefu: gari likimgonga, miguu hukatika chini na mwili wote huangukia kioo na paa. Mtu mwenye kioo kilichopasuka hana ngao mbele ya mnyama huyo.

Nilirudi Maskati asubuhi yake, mwendo wa pole, kiyoyozi kikipuliza miguuni. Kioo hakikudondoka hata chembe, na katika hilo kuna historia inayofaa kujulikana. Mwaka 1903 mkemia wa Kifaransa, Édouard Bénédictus, aliangusha chupa ya maabara. Ilipasuka lakini haikusambaratika, kwa sababu ndani yake ilikuwa na utando uliobaki wa dawa ya selulosi. Kutokana na ajali hiyo alibuni kioo cha tabaka, akakisajili mwaka 1909. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia kioo hicho kiliwekwa kwenye vinyago vya kujikinga na gesi ya sumu, kisha kikaingia kwenye magari. Kioo cha mbele cha leo kina asili hiyohiyo: vioo viwili vyembamba, na katikati utando wa plastiki usiozidi milimita moja unaovishika visimwagike. Vioo vya milangoni ni kitu kingine. Hivyo huchomwa moto na kupozwa ghafla, na vikivunjika humwagika chembechembe. Ndiyo sababu kioo cha mlangoni hakiwezi kusimama mahali pa kioo cha mbele, hata kama kuna fundi anayekwambia anajua kukikata kikaenea.

Maskati nilianza kwa muuzaji rasmi wa magari ya aina yangu. Bei aliyonipa ilikuwa riyali 120, pamoja na kusubiri kioo kiagizwe. Riyali moja ya Omani ni kama dola 2.60 za Marekani, kwa hiyo hizo ni zaidi ya dola 300. Kwa gari kuukuu la Kijapani linalonipeleka kazini na kunirudisha, hiyo ni sehemu kubwa ya bei ya gari lenyewe. Bima yangu ni bima ndogo, ile inayomlipa mtu wa tatu tu. Mwenye bima kubwa aisome hati yake kabla ya kutoa fedha mfukoni. Kampuni nyingi huhesabu kioo cha mbele ndani ya bima hiyo, ila kuna kiasi ambacho mteja hutoa kwanza, na pengine kiasi hicho kinapita bei ya fundi wa mtaani.

Ami alikuwa na miadi ya daktari Maskati wiki hiyo. Akanipigia simu, akasema tukimaliza hospitali atanipeleka sanaiya ya Wadi Kabir. Kila mji wa Ghuba una sanaiya yake, mtaa wa gereji na karakana ambao ndio unaoufanya mji utembee. Wadi Kabir imejibanza bondeni karibu na Ruwi, na jabali limeizunguka. Duka moja linauza raba za milango tu, jingine rejeta, jingine viti. Maduka ya vioo huyajua kwa mbali, maana vioo husimamishwa wimawima kwenye fremu za mbao, vimetenganishwa kwa magazeti. Mafundi ni Wapakistani, Wahindi na Wabangladeshi, na mazungumzo yao ni Kiurdu kilichochanganyika na Kiarabu. Ami anakizungumza vizuri, alijifunza jangwani.

Tulifika mapema. Sheria ya Omani inakataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu alasiri katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, na ni sheria ya utu. Mteja anayekwenda saa tano na kumharakisha fundi anaomba kazi mbovu, na pia anamdhulumu mtu aliyesimama kwenye moto tangu alfajiri.

Fundi wa kwanza alitupa bei iliyonishangaza kwa udogo: riyali 15. Kilikuwa kioo cha mtumba, kimetolewa kwenye gari lililopata ajali. Ami alikiinamisha kuelekea mwanga, akanionyesha ukingo. Mahali kisu kilipopita wakati wa kukitoa palikuwa na mikwaruzo midogo isiyoonekana kwa kutazama mara moja. Kioo huanza kupasuka ukingoni, na kioo chenye ukingo uliojeruhiwa kitapasuka siku ya kwanza ya joto kali. Tulishukuru tukaondoka.

Fundi wa pili anatoka pande za Peshawar na yuko Omani tangu ujana wake. Kwake kulikuwa na vioo vya aina mbili vilivyolingana na gari langu, kimoja cha Japani na kimoja cha China. Hapo Ami alinifundisha kusoma pembe ya chini ya kioo, pale penye maandishi madogo ambayo wengi wetu hatuyatazami. Kwanza tafuta neno linaloonyesha kwamba kioo ni cha tabaka. Kisha tafuta duara lenye herufi E na namba. Alama hiyo inamaanisha kioo kimepimwa kwa kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 43, na ile namba inataja nchi iliyotoa kibali: 1 ni Ujerumani, 2 ni Ufaransa, 11 ni Uingereza, 43 ni Japani. Kioo cha China huwa na alama ya China yenye herufi C tatu, na kile kinachouzwa nje huwa na E pia. Kisicho na alama yoyote usikinunue hata ukipewa kwa nusu bei.

Kioo cha China kilikuwa na alama zote. China leo ina viwanda vikubwa kabisa vya vioo vya magari. Fuyao, iliyoanzishwa mwaka 1987, huwauzia watengenezaji wa magari wenyewe na ina kiwanda chake hadi Ohio, Marekani. Kwa hiyo mtu anayekikataa kioo kwa sababu kimetoka China huenda amekuwa akitazama kupitia kioo cha China miaka yote, ila chenye nembo ya kampuni ya gari pembeni. Nembo hiyo ndiyo inayolipiwa sehemu kubwa ya zile riyali 120.

Kwa kioo hicho cha China fundi alitaka riyali 45. Ami hakuanza na bei. Alimwomba aonyeshe gundi. Fundi akaleta mrija wa poliyurethini, Ami akasoma tarehe ya mwisho wa matumizi, akauliza mirija inahifadhiwa wapi, akaambiwa ni chumba chenye kiyoyozi. Akauliza kama kuna praima, dawa inayopakwa kabla ya gundi, ya kioo na ya bati. Ipo. Baada ya hapo ndipo wakazungumza bei, wakafikia riyali 38 pamoja na raba mpya ya kuzunguka kioo. Ami alipoomba punguzo jingine, fundi akasema anaweza kushusha riyali nne akitumia silikoni, na Ami akainua mkono: punguzo la namna hiyo hatulitaki.

Sababu yake niliielewa kwa kumtazama fundi akifanya kazi. Alifunika viti na dashibodi, akatoa waipa na plastiki ya chini yake, akatoboa gundi ya zamani na kupitisha waya. Yeye akakaa ndani na msaidizi wake nje, wakawa wanavuta kwa zamu kuzunguka fremu nzima mpaka kioo kikaachia. Gundi ya zamani hakuikwangua hadi bati. Aliiacha tabaka jembamba lililoshika vizuri, kwa kuwa gundi mpya huishika ya zamani kuliko kitu kingine chochote. Palipokwaruzika rangi akapaka praima ili pasishike kutu. Akasafisha kingo za kioo kipya, akapaka praima kwenye mstari mweusi, akaminya gundi kwa mkono mmoja usiotetereka, bila kukata, kutoka pembe moja hadi kurudi palepale. Kisha wakakinyanyua kioo kwa vishikio vya raba vya kunyonya, wakakiweka mara moja bila kukisogezasogeza, wakabana kwa tepu.

Kioo cha mbele si dirisha tu. Kimegandishwa na bodi ili kulisaidia paa lisibonyee gari linapobingirika, na katika magari mengi mfuko wa hewa wa abiria hufumuka ukakiegemea kioo hicho. Gundi ikiwa dhaifu, kioo hung'oka kwa msukumo wa mfuko, na abiria hana kinachomzuia. Silikoni inazuia maji tu, mzigo haibebi. Mwenye gari hatajua tofauti mpaka siku ya ajali, na kwa hiyo gundi ndiyo kitu cha kwanza kuchakachuliwa.

Fundi alituambia tuliache gari hadi jioni. Gundi hiyo hukauka kwa kunywa unyevu wa hewani, na Maskati ya Julai ina unyevu wa bahari wa kutosha. Ibra, kwenye hewa kavu, ingehitaji muda zaidi. Alinipa masharti na niliyafuata: dirisha moja liachwe wazi kidogo ili hewa ya ndani isisukume kioo mlango unapofungwa, milango isibamizwe, tepu isitolewe mpaka kesho, gari lisioshwe kwa mashine kwa siku mbili. Alinipa risiti iliyoandikwa kwamba maji yakivuja atarudia bila malipo. Siku tatu baadaye nilimwagia kioo maji kwa mpira wa bustani kutoka juu kwenda chini, huku Ami akipapasa kwa ndani. Palikuwa pakavu.

Nimewasimulia haya wenzangu wa Dar es Salaam na Nairobi, na wao wana sanaiya zao: Gerezani pale Kariakoo, na Kirinyaga Road ambayo Wanairobi wa zamani bado wanaiita Grogan. Maswali ni yaleyale. Kioo kina alama gani, gundi ni ipi na itaisha muda wake lini, gari litaruhusiwa kutembea saa ngapi. Fundi anayejibu maswali hayo bila kukasirika ni fundi. Anayekuambia utaendesha baada ya robo saa, mwache. Na kama gari lako ni jipya, lenye kamera nyuma ya kioo inayosoma mistari ya barabara na kufunga breki yenyewe, uliza zaidi, maana kamera hiyo lazima irekebishwe upya kioo kikibadilishwa. Hapo muuzaji rasmi au karakana yenye kifaa hicho inastahili bei yake.

Wewe unayeishi ugenini na kipato chako kina watu nyumbani wanaokitegemea, usione haya kutafuta unafuu. Tafuta kwanza mwenyeji anayeujua mji na lugha ya mafundi, nenda naye asubuhi, na umwache yeye aulize. Kataa kulipia nembo, na kataa kulipia sakafu inayong'aa ya duka kubwa. Lakini gundi, praima na saa za kusubiri zilipie kwa ukamilifu, na fundi aliyefanya kazi safi juani umwongezee kitu juu ya bei mliyopatana. Mimi nililipa chini ya theluthi moja ya bei ya kwanza, na kioo nilichopata kinaweza kunilinda siku ya ajali.